Leo Mwongo wa Ngapi? Kalenda ya Mkulima, Pwani na Uingereza



Kila unapoingia mwezi wa Machi, jua likianza kuchungulia, suali ni lile lile katika shughuli zetu, iwe harusini, iwe hitmani: mchicha tuutie lini? Mmoja atasema sasa hivi. Mwengine atasema subiri mpaka Juni. Wa tatu atasema yeye ameshatia na umeshaota dirishani. Tumeona bora tulijibu suali hili kwa njia ya historia, kwa sababu jawabu lake linakwenda mbali zaidi ya maelezo yaliyoandikwa nyuma ya pakiti ya mbegu.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Mwaka 2004 bi mkubwa wetu alikuja kukaa nasi hapa Uingereza. Alikuwa mtu wa shamba tangu utoto wake, na hakuweza kukaa kitako akitazama televisheni. Mwezi wa Machi aliotesha maboga na mchicha katika vikopo vya mtindi dirishani. Mwisho wa Aprili, baada ya siku nne za jua zuri, tulimwambia kuwa baridi imekwisha, tukamsaidia kuihamishia miche uani. Haikupita wiki ikashuka jalidi, ule umande unaoganda usiku ukawa mweupe kama chumvi. Asubuhi tuliikuta miche yote imelala, majani yamegeuka meusi kama yaliyotiwa maji ya moto.

Bi mkubwa aliitazama, kisha akauliza: "Leo mwongo wa ngapi?"

Tulicheka. Tukamwambia: "Mama, huku watu hawahesabu miongo. Kalenda ipo, imetundikwa ukutani."

Akajibu: "Basi mbona kalenda yako haikukwambia?"

Sisi tuliosomea uhandisi ughaibuni tukaona ni maneno ya mtu mzima aliyeumia kwa jasho lake. Ilituchukua miaka kufahamu kuwa lilikuwa suali la kitaalamu, tena la kitaalamu kuliko jawabu letu.

Wengi wetu tumekulia na kalenda mbili: ile ya Kiislamu, inayofuata mwezi, na ile ya skuli na maofisini, inayoanza Januari. Kalenda ya mwezi ina siku 354 au 355, kwa hivyo kila mwaka inatangulia mwaka wa jua kwa siku kama 11, na kwa miaka 33 hivi inazunguka majira yote. Sisi wa huku tunalijua hilo kwa matumbo yetu. Ramadhani ya mwaka 1999 ilianza Disemba, tukifuturu saa kumi jioni kabla watu hawajatoka kazini. Ramadhani ya mwaka 2016 ilianza Juni, na saa tatu usiku bado tulikuwa tunalitazama jua. Katika ibada, kuzunguka huko kuna hekima yake. Lakini mkulima hawezi kusema "tunapanda mpunga mwezi wa Rajabu", kwa sababu Rajabu ya mwaka huu ina mvua, na ya miaka kumi ijayo haina.

Kwa hiyo wazee wetu wa Pwani walikuwa na hesabu ya tatu, nayo ni ya jua. Mwaka wake ulikuwa na siku 365, na ulianza kwa siku iliyoitwa Siku ya Mwaka au Nairuzi. Kuanzia hapo siku zilihesabiwa kwa makumi, na kila kumi likaitwa mwongo. Miongo 36 inafanya siku 360, zinabaki tano, na mwaka unafungwa. Kwa hesabu hiyo mabaharia walijua lini kaskazi itaingia na lini bahari ifungwe, na wakulima walijua lini wachome shamba, lini watie mtama na mpunga, na lini wasubiri vuli. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyeishi Unguja na kuchapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, aliieleza miaka yote miwili, wa mwezi na wa jua, na akataja kuwa Siku ya Mwaka katika zama zake iliangukia mwishoni mwa Agosti.

Siku hiyo haijafa. Makunduchi, kusini mwa Unguja, mpaka leo watu husherehekea Mwaka Kogwa: wanaume hupigana kwa migomba kumaliza hasira za mwaka uliopita, na kibanda cha makuti huchomwa moto. Lakini sasa sherehe hiyo huwa mwezi wa Julai.

Hapa msomaji makini atauliza: imekuwaje siku iliyokuwa mwisho wa Agosti zama za Steere leo iwe Julai? Jawabu ni robo siku. Jua halimalizi mwaka wake kwa siku 365 kamili, linachukua siku 365 na karibu saa sita zaidi. Kalenda ya kizungu inazikusanya saa hizo na kila baada ya miaka minne inaongeza siku moja ya Februari. Kalenda ya miongo haiongezi kitu. Kwa hiyo kila miaka minne Siku ya Mwaka inarudi nyuma siku moja, na kila miaka 40 inarudi nyuma siku kumi, yaani mwongo mzima. Kutoka 1870 mpaka 2020 ni miaka 150, na siku zilizopotea ni kama 36. Hesabu inakubali: mwisho wa Agosti, toa siku 36, unafika wiki ya tatu au ya nne ya Julai.

Kilimo nacho kinaathirika. Masika hayafuati Nairuzi, yanafuata jua. Ikiwa bibi alifundishwa na bibi yake kutia mpunga mwongo wa 22, basi baada ya miaka 40 kazi ile ile ilipaswa kufanywa mwongo wa 23. Mtu aliyeshika namba bila kutazama mbingu angepanda mapema kwa siku kumi, na mjukuu wake kwa siku ishirini. Hesabu hii haikuweza kurithiwa ikiwa imefungwa. Kila kizazi kililazimika kuipima upya kwa kutazama upepo umegeuka vipi na mawingu yamekaa upande gani, kisha kusema: zamani ilikuwa mwongo ule, siku hizi ni huu.

Asili ya neno Nairuzi ni Kifarsi, kwa maana ya siku mpya. Mwaka wa kale wa Wafarsi nao ulikuwa wa siku 365, miezi 12 ya siku 30 na siku tano za nyongeza, na nao ulikuwa ukisogea. Wao waliutengeneza mwaka 1079, katika utawala wa Sultan Malik Shah, kwa kazi ya wanajimu ambao mmoja wao alikuwa Omar Khayyam, na tangu hapo Nairuzi yao ikafungwa kwenye mwanzo wa majira ya kuchipua, mwezi wa Machi. Mabaharia wa Bahari ya Hindi hawakuyafuata mabadiliko hayo. Waliendelea na Nairuzi inayosogea. Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15 aliyetoka Julfar, huko ambako leo ni Ras al-Khaimah, alitaja nyakati za kusafiri kwa kuhesabu siku za Nairuzi. Hesabu ya namna hiyo ndiyo iliyotia nanga Pwani ya Afrika Mashariki pamoja na majahazi.

Ndugu zetu walioko Oman na Ghuba wanalijua jambo hili kwa sura nyengine. Huko wazee huhesabu makumi ya siku kuanzia kuonekana nyota ya Suheli, ambayo huchomoza alfajiri upande wa kusini mwishoni mwa Agosti na kubashiri kuwa joto kali linaanza kuvunjika. Makumi hayo huitwa durur, na ndiyo yanayowaelekeza katika kilimo, uvuvi na safari. Neno suheli lenyewe lipo katika Kiswahili cha zamani kwa maana ya kusini. Kumi lao ni sawa na mwongo wetu. Tofauti ni kuwa wao wameifunga hesabu kwenye nyota, na nyota haikosei robo siku.

Sasa tuje Uingereza, kwani wenyeji wetu hawa nao wana historia yao, na wala hawakuzaliwa wakiijua kalenda ya bustani. Mwaka 1557 mkulima mmoja aitwaye Thomas Tusser alichapisha kitabu cha mawaidha ya kilimo kwa mashairi, kikipangwa mwezi baada ya mwezi. Mwaka 1664 John Evelyn, mmoja wa waasisi wa Royal Society, alichapisha Kalendarium Hortense, orodha ya kazi za bustani kuanzia Januari mpaka Disemba: nini cha kupanda, nini cha kupogoa, lini mimea dhaifu iingizwe ndani. Vitabu vingi vya bustani vinavyouzwa madukani leo, vyenye kurasa za miezi 12, ni wajukuu wa kitabu hicho.

Lakini hata hao walikuwa na kosa ndani ya kalenda yao. Kalenda waliyoitumia ilizidisha siku za nyongeza, ikawa inachelewa nyuma ya jua kidogo kidogo. Nchi za Kikatoliki ziliirekebisha mwaka 1582, Waingereza wakakataa mpaka mwaka 1752. Mwaka huo tarehe 2 Septemba ilifuatiwa na tarehe 14 Septemba. Siku 11 zilifutwa. Kwa hiyo Evelyn aliposema mwanzo wa Machi alikuwa anakusudia siku ambazo kwetu ni za katikati ya Machi, na anayekifuata kitabu chake leo bila kujua hilo atapanda siku kumi kabla ya wakati. Ni kosa lile lile la mjukuu na mwongo wa bibi yake.

Karne ya 20 ndiyo iliyoitia kalenda ya bustani mikononi mwa watu wa kawaida. Sheria ya mwaka 1908 iliwajibisha mabaraza ya miji kutoa viwanja vidogo vya kulima kwa wananchi wanaovihitaji, hivi ambavyo wenyewe huviita alotimenti na ambavyo baadhi ya wasomaji wetu wanavikodi mpaka leo. Kipimo chake cha kawaida ni kama mita za mraba 250. Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939, nchi hii ilikuwa inaleta sehemu kubwa ya chakula chake kwa meli, na meli zikawa zinazamishwa. Oktoba ya mwaka huo huo serikali ikatangaza kampeni ya kulima ili kushinda vita. Bustani za maua zikachimbwa, hata viwanja vya michezo. Kufikia mwaka 1943 idadi ya alotimenti ilikuwa imefika kama 1,400,000.

Tatizo lilikuwa lile lile la bi mkubwa: mamilioni ya watu wa mjini wenye majembe mapya, wasiojua lini watie nini. Wizara ya Kilimo ikatoa vipeperushi vyenye ramani ya kiwanja na jadweli ya kupanda na kuvuna, hata mwaka 1945 ikawa inatoa mwongozo wa kila mwezi. Mtangazaji wa BBC, C. H. Middleton, alizungumza redioni kila Jumapili mchana kuhusu kazi za bustani, na mamilioni walimsikiliza. Shabaha ya jadweli hizo ilikuwa moja kubwa: mboga zisije zote kwa pamoja Julai na Agosti, kisha Februari watu wakae na njaa.

Kwa nini basi tusichukue jadweli ya Middleton tukaongeza mchicha? Kwa sababu jambo jengine linaingia, nalo ni urefu wa mchana. Unguja, iliyoko karibu na ikweta, mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa wa mwaka hautofautiani hata saa moja. London mchana wa Juni unakaribia saa 16 na nusu, na wa Disemba haufiki saa nane. Mimea inapima mchana kama sisi tunavyotazama saa. Kitunguu cha nchi za joto kimezoea kufanya kichwa mchana ukiwa wa saa 12 hivi. Ukikipanda huku majira ya kuchipua, mchana unakipita kipimo chake kingali mche, nacho kinafunga kichwa kidogo kama gololi. Mchicha wetu kinyume chake: mchana unapofupika unaharakisha kutoa mbegu. Kotmiri ikikutwa na mchana mrefu na joto inapanda juu na kuota maua kabla hujaichuma mara mbili. Aliyezoea kuwa mvua ndiyo inayoamua kila kitu lazima ajifunze kuwa huku mvua ipo mwaka mzima, na waamuzi ni wawili wengine: jalidi na mwanga.

Hilo bi mkubwa alilifahamu kabla yetu. Mwaka wake wa pili hapa alituuliza: "Huku mwaka unaanza siku gani?" Tukamjibu, Januari mosi. Akasema: "Januari mosi nani anaweza kupiga jembe? Huo si mwaka, mwanangu, hiyo ni tarehe. Mwaka wa huku unaanza siku ile jalidi inapokwenda zake."

Alimuuliza jirani yetu, mzee wa Kiingereza aliyelima kiwanja chake miaka mingi, kwa ishara na maneno machache. Wakakubaliana kuwa mtaani petu mwisho wa jalidi ni karibu na tarehe 20 Mei. Bi mkubwa akaifanya hiyo ndiyo Nairuzi yake, akahesabu miongo kwenda mbele na kurudi nyuma. Tuliiandika hesabu yake katika daftari, na mpaka leo tunaifuata. Inakwenda hivi.

Miongo kumi kabla ya Nairuzi, yaani katikati ya Februari, pilipili zinatiwa ndani, mahali pa joto, kwani zinakua taratibu. Miongo sita kabla, tungule zinatiwa dirishani, na nje viazi mviringo vinaanza kufukiwa, kwa kuwa viko chini ya udongo na baridi ndogo haividhuru. Miongo mitatu kabla, mbegu za maboga na mchicha zinatiwa katika vikopo. Mwongo wa mwisho kabla ya siku yenyewe, miche hutolewa nje mchana na kurudishwa ndani usiku, ili izowee upepo. Ikifika Nairuzi, kila kitu kinatoka, isipokuwa bamia. Hiyo haitaki mchezo, inabaki ndani ya kibanda cha vioo.

Baada ya Nairuzi mchicha unatiwa mbegu moja kwa moja ardhini kila mwongo, tuta moja moja, mpaka mwongo wa sita, katikati ya Julai. Baada ya hapo mchana unafupika na mchicha unakimbilia mbegu. Majani ya maboga yanachumwa kuanzia mwongo wa tano hivi. Mwongo wa 16, mwishoni mwa Oktoba, kitunguu thomu kinazikwa ardhini na kuachiwa baridi, kwani bila ya baridi hakigawiki vidole. Kuanzia mwongo wa 20 ni kazi ya mboji, kutengeneza zana, kupogoa mtufaha, na kukaa na daftari kupanga mwaka ujao. Bi mkubwa alikuwa akisema huo ndio mwongo wa kulima kwa kalamu.

Tunawatahadharisha wasomaji wasiichukue tarehe 20 Mei kama aya. Aliyeko pwani ya kusini anaweza kuanza siku kumi au zaidi kabla yetu. Aliyeko Scotland anaweza kungoja mpaka Juni. Aliyeko Muscat aigeuze kabisa, kwani yeye adui yake ni joto: bustani yake inaanza kuchangamka Septemba na Oktoba, baada ya Suheli, na inalala wakati yetu imeamka. Muulize jirani aliyekaa mtaani miaka mingi, hata kama hamjawahi kuzungumza. Sisi na mzee yule tulikaa ukuta kwa ukuta miaka sita bila ya zaidi ya salamu, mpaka bi mkubwa asiyejua Kiingereza alipokwenda kumuuliza habari ya jalidi.

Kalenda zote mbili, ya kwao na ya kwetu, zinahitaji kupimwa upya sasa. Tarehe 19 Julai 2022 Uingereza ilifika digrii 40 kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zake, na matuta yetu yaliungua kwa jua sio kwa jalidi. Nyumbani nako kila tukipiga simu tunasikia masika hayakuja kwa wakati wake. Wapo wanaosema basi hesabu za wazee hazina kazi tena. Sisi tunaona kinyume. Mwongo haukuwahi kuwa namba ya kukariri. Tangu zamani ulikuwa ni namba inayokosea mwongo mzima kila miaka 40, na wazee walijua, wakairekebisha kwa macho yao. Kilichoweza kupotea ni ile desturi ya kutazama na kurekebisha, na kwa upande wetu ilikaribia kupotea kwa kicheko kimoja asubuhi ya Mei.

Bi mkubwa alitangulia mbele ya haki mwaka 2013, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliondoka mwezi wa Februari, pilipili zake zikiwa dirishani zimetoa majani mawili mawili. Tulikuwa hatujawahi kumuuliza hesabu nzima ya kwao shamba: mwongo gani walichoma, mwongo gani walitia mpunga, na yeye alikuwa ameisogeza kiasi gani kutoka ile ya mama yake. Tunayo ya hapa tu, katika daftari lenye madoa ya udongo.

Kwa hiyo ombi letu ni dogo. Aliye na mzee nyumbani, awe hapa, Mombasa, Pemba au Sur, amuulize wiki hii: leo mwongo wa ngapi? Na jawabu aliandike, pamoja na mwaka aliouliza, ili atakayelisoma baadaye ajue siku ngapi za kusogeza.

Wabillahi tawfiq.